Plagi za gari hubadilishwa lini? Kwa nini kilomita pekee hazitoi jibu

Gari linapopanda kilima cha Rebero, katika wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, dereva huweza kuhisi jambo ambalo kwenye barabara tambarare lingemchukua miezi kulitambua. Injini hutikisika ghafla, hupoteza nguvu kwa sekunde moja au mbili, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mafundi husema gari hilo "linamisi". Mara nyingi chanzo chake ni kifaa kinachoenea kiganjani, plagi ya cheche, ambayo wengi mjini Kigali huiita buji kwa kufuata Kifaransa, neno lilelile linalotumika pia kwa mshumaa.

Swali linaloulizwa gereji ni jepesi: plagi zibadilishwe lini? Majibu yanayotolewa hutofautiana mno. Fundi mmoja atasema kila kilomita 20,000, kitabu cha gari kitasema 100,000, na jirani atasema usiguse kitu ambacho hakijaharibika.

Tofauti hiyo ina gharama kwa pande zote mbili. Anayebadilisha mapema kupita kiasi hutupa plagi ambazo bado ni nzima. Anayechelewa huhatarisha vifaa ambavyo bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya plagi zenyewe. Na tangu Agosti 2025, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, kwa kushirikiana na polisi, ilipoanzisha utaratibu mpya wa kupima moshi wa magari, suala la plagi limekuwa pia suala la kupita au kutopita ukaguzi.

Cheche milioni mia moja

Katika injini ya petroli, kila silinda huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, huuwasha, kisha husukuma nje moshi. Kazi ya kuwasha ni ya plagi. Umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, hupandishwa na koili hadi kufikia volti elfu kumi au elfu ishirini, wakati mwingine hata zaidi ya elfu thelathini, ili uweze kuruka mwanya mwembamba ulioachwa kati ya ncha mbili za plagi. Katika magari mengi ya leo mwanya huo ni kati ya milimita 0.7 na 1.1.

Hesabu ndogo itasaidia kuona ukubwa wa kazi hiyo. Tuchukue gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huku injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Cheche huhitajika mara moja katika kila mizunguko miwili, hivyo kila plagi hutoa cheche 1,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo gari hukata kilomita moja kila dakika. Kila kilomita, basi, ni cheche 1,000, na kilomita 100,000 ni cheche milioni 100.

Kila cheche hung'oa chembe ndogo mno ya madini. Kadiri muda unavyopita, kona za ncha hupoteza ukali wake na mwanya hupanuka. Mwanya ukipanuka, koili hulazimika kutoa umeme wenye nguvu zaidi ili cheche ipatikane. Hapo ndipo kilima kinapoingia. Dereva anapokanyaga mafuta ili apande, hewa na petroli nyingi zaidi huingia katika silinda, na zikibanwa, msukumo ndani yake huwa mkubwa kuliko wakati gari linapotembea taratibu mahali tambarare. Cheche hupita kwa shida zaidi katika hewa iliyobanwa hivyo. Plagi iliyochakaa, ambayo bado inajikongoja kwenye tambarare, hushindwa mlimani. Ndiyo sababu dereva wa Kicukiro huweza kuugundua ugonjwa huu mapema kuliko mwenzake wa mji usio na vilima, mradi tu asiizoee ile mitikisiko.

Madini ndiyo huamua kwanza

Kabla ya kuuliza kilomita ngapi, ni lazima kuuliza plagi imetengenezwa kwa nini. Zipo aina tatu kuu. Zile za bei nafuu zina ncha za nikeli. Baadhi ya wauzaji huziita plagi za shaba kwa sababu ya kiini chake cha shaba, ingawa sehemu inayoliwa na cheche ni nikeli. Hizi kwa kawaida hupangiwa kubadilishwa kati ya kilomita 30,000 na 40,000.

Aina ya pili ina ncha za platinamu, na ya tatu za iridiamu. Nikeli huyeyuka katika nyuzi joto 1,455 za Selsiasi, platinamu katika 1,768, na iridiamu katika 2,446. Kwa kuwa madini haya mawili huvumilia joto na mmomonyoko kuliko nikeli, ncha inaweza kufanywa nyembamba sana, hata milimita 0.4 kwa baadhi ya plagi za iridiamu, na bado ikadumu. Ncha nyembamba pia huhitaji umeme mdogo kutoa cheche. Watengenezaji wengi huzipa plagi za platinamu kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na zile za iridiamu 100,000 au zaidi. Injini ndogo zenye turbo ni jambo jingine: joto na msukumo ndani yake ni mkubwa, na mara nyingi hupangiwa kilomita 60,000 au hata chini ya hapo, bila kujali thamani ya madini.

Hivyo basi, fundi wa kilomita 20,000 na kitabu cha kilomita 100,000 wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti.

Kuna jambo la ziada kwa Rwanda. Tofauti na Kenya, Uganda na Tanzania, magari nchini humo hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani huwa kushoto. Kwa sababu hiyo, magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka masoko ya Ulaya na Ghuba, wakati Nairobi na Dar es Salaam hutegemea zaidi yale ya Japani. Gari lenye jina lilelile, tuseme Toyota RAV4, huweza kuwa na injini tofauti kulingana na soko lililokusudiwa. Ushauri unaosambaa katika simu kutoka kwa rafiki aliyeko Nairobi unaweza kuwa sahihi kabisa kwa gari lake, lakini usilifae la Kicukiro. Kinachopaswa kufuatwa ni namba ya injini na kitabu cha gari lenyewe, hata kama kitabu hicho kimeandikwa kwa Kijerumani au Kiarabu. Tarakimu za kilomita husomeka katika lugha zote.

Ushauri uliorithiwa kutoka enzi ya risasi

Si haki kumcheka fundi mzee anayesisitiza plagi zitolewe na kusuguliwa kila baada ya miezi michache. Ushauri wake una historia.

Kwa miongo mingi petroli iliyouzwa Afrika ilikuwa na risasi. Madini hayo yalitiwa ili kuzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake, lakini yaliacha utando juu ya plagi, na utando huo uliupa umeme njia ya kukwepa mwanya. Aidha, magari ya wakati huo yalitumia kabureta, ambayo haikuwa na uwezo wa kupima mafuta kwa usahihi wa mifumo ya leo. Plagi zilikuwa za nikeli. Kuzisafisha mara kwa mara na kuzibadilisha kila baada ya kilomita 15,000 au 20,000 ilikuwa busara.

Mwezi Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, na kutoa azimio la kuiondoa petroli yenye risasi. Kufikia mwanzoni mwa 2006 eneo hilo lilikuwa limeiacha. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida, iliacha mwaka 2021. Petroli ilibadilika, kabureta zikatoweka katika magari mapya, na madini ya plagi yakaboreshwa, lakini kauli za gereji hazikubadilika kwa kasi hiyo.

Na hapa kuna madhara halisi. Kusugua kwa msasa au brashi ya waya plagi ya iridiamu, kama ilivyofanywa kwa zile za nikeli, huharibu ile ncha nyembamba ambayo mnunuzi alilipia. Plagi ya aina hiyo ikichakaa, hutupwa. Haisuguliwi.

Foleni haiandikwi kwenye mita

Mwenye gari anaweza kukifuata kitabu kwa uaminifu na bado akakosea, kwa sababu mita ya gari huhesabu kilomita, haihesabu cheche.

Mtu anayeishi Gahanga na kufanya kazi katikati ya mji hupita Sonatubes asubuhi na jioni. Injini inapozunguka bila gari kwenda, tuseme mara 700 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 350 kwa dakika. Saa moja ya kusimama foleni ni cheche 21,000, sawa na zile za safari ya kilomita 21 katika hesabu yetu ya awali. Mita haikusogea hata kidogo. Kwa dereva wa teksi, au kwa gari linalosubiri wageni nje ya uwanja wa ndege wa Kanombe huku kiyoyozi kikifanya kazi, tofauti kati ya kilomita zilizoandikwa na kazi iliyofanyika huwa kubwa.

Safari fupi nazo zina ubaya wake. Ncha ya plagi hujisafisha yenyewe inapofikia joto la takriban nyuzi 450 hadi 500. Masizi yaliyoigandamia huungua. Chini ya joto hilo masizi hubaki. Gari linalotoka nyumbani Niboye kwenda shule, kisha sokoni, kisha kurudi, kila mara injini ikizimwa kabla haijapata moto vizuri, hujaza plagi zake masizi hata kama halijamaliza kilomita 5,000 kwa mwaka. Ndiyo maana vitabu vingi huweka kikomo cha miaka pamoja na cha kilomita.

Je, mwinuko wa Kigali nao una athari? Mji huo uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Gari la zamani lenye kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hupata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi zake huwa nyeusi. Lakini gari la kisasa hupima hewa na kurekebisha petroli lenyewe. Kinachobaki ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake katika mwinuko huo. Dereva aliyelizoea gari lake Dar es Salaam, akilifikisha Kicukiro, huweza kudhani plagi zimekufa, kumbe ni hewa tu. Kubadilisha plagi hakutamrudishia pwani.

Plagi iliyofunguliwa husema

Njia ya uhakika zaidi ya kujua hali ya plagi ni kuitoa na kuitazama. Kazi hiyo, kwa injini ya kawaida ya silinda nne, haimchukui fundi muda mrefu, na matokeo yake huzidi jibu la "badilisha" au "acha". Plagi hukaa mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na hutoka na ushahidi.

Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya injini yenye afya. Ikiwa mwanya bado uko ndani ya kipimo na kona za ncha hazijaviringika, inaweza kurudishwa. Masizi meusi makavu huonyesha petroli iliyozidi, chujio la hewa lililoziba, au zile safari fupi zilizotajwa hapo juu. Weusi ulioloa na kung'aa ni habari nzito zaidi: oili ya injini inaingia katika silinda, pengine kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Plagi mpya itafanya kazi kwa muda katika hali hiyo, kisha nayo italoa.

Weupe wa chokaa, hasa ukiambatana na malengelenge juu ya kauri, huonyesha joto kupita kiasi. Inawezekana hewa imezidi petroli, mfumo wa kupoza injini una tatizo, au plagi iliyowekwa si ya kiwango cha joto kinachofaa. Rangi nyekundu ya kutu au ya chungwa mara nyingi hutokana na viambato vyenye manganizi au chuma vilivyotiwa katika petroli, na si kutu.

Dalili mbili huwachanganya hata wazoefu. Ya kwanza ni duara la kahawia juu ya kauri ya nje, karibu na chuma, ambalo wengi hudhani ni moshi unaovuja. Kwa kawaida si uvujaji. Ni vumbi na chembe za oili zilizovutwa na umeme mkali, na halina madhara. Ya pili ni plagi iliyozama katika oili juu, upande wa koili, ilhali ncha yake ni safi. Hapo injini haili oili. Gasketi ya mfuniko wa juu wa injini ndiyo inayovuja, na bila kuibadilisha, oili hiyo itaharibu koili mpya na za zamani pia.

Gari lililonunuliwa bila historia

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo penye uzito wa suala lote kwa wakazi wa Kicukiro. Ratiba ya kitabu humfaa mtu aliyenunua gari jipya, kama yale ya Volkswagen ambayo yamekuwa yakiunganishwa Kigali tangu Juni 2018. Magari mengi barabarani, hata hivyo, yamefika yakiwa yametumika. Kilomita zinazosomeka kwenye mita zinaweza kuwa za kweli au zimepunguzwa. Hata zikiwa za kweli, hazisemi kama plagi zilizomo ni zile za kiwandani au ni za nikeli zilizowekwa na mwenye gari wa kwanza ili kuokoa pesa kabla ya kuuza.

Tuseme gari la iridiamu limeletwa likiwa na kilomita 90,000. Mnunuzi anayehesabu kwa kitabu atajiona ana kilomita 10,000 za kutulia. Kama ndani yake kuna plagi za nikeli zilizowekwa kilomita 45,000 zilizopita, amekwisha chelewa. Kinyume chake kinawezekana vilevile: zilizomo ni mpya, na fundi anapendekeza zitupwe.

Suluhisho ni kuzifungua mara gari linaponunuliwa, kusoma namba iliyoandikwa kwenye kauri, kuilinganisha na ile ya kitabu, na kupima mwanya. Ikiwa aina si sahihi au hali inatia shaka, zibadilishwe zote kwa pamoja na tarehe na kilomita ziandikwe. Kuanzia siku hiyo ratiba ya kitabu inakuwa na maana, kwa sababu kuna mwanzo wa kuhesabia.

Gharama ya kusubiri

Wapo wanaosema hawatabadilisha plagi hadi injini ianze kumisi. Tatizo la sera hiyo ni kwamba kifaa kinachoumia si plagi.

Cheche ikikosekana, petroli iliyokwisha kuingia katika silinda hutoka bila kuungua na kufika katika kisafisha moshi kilichopo kwenye ekzosi, kile ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa sababu vitundu vyake hufanana na vya sega la nyuki. Petroli hiyo huungua humo, ambamo haikukusudiwa kuungua, na joto lake huweza kuyayeyusha masega hayo. Koili nazo, zikilazimishwa kwa miezi kurusha umeme katika mwanya uliopanuka, hufa moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo taa ya injini kwenye dashibodi ina lugha mbili. Ikiwaka bila kupepesa, gari lipelekwe kukaguliwa karibuni. Ikipepesa, kwa magari mengi maana yake ni kwamba injini inamisi kiasi cha kuhatarisha kisafisha moshi wakati huohuo: dereva apunguze mwendo, asilazimishe kupanda mlima, na atafute mahali salama pa kusimama.

Katika upimaji wa moshi, petroli isiyoungua huonekana kama hidrokaboni, mojawapo ya gesi zinazopimwa katika magari ya petroli. Gari linalomisi, hata kama moshi wake hauonekani kwa macho, huweza kushindwa mtihani huo kwa sababu ya plagi pekee. Kwa wakazi wa mji, hiyo ndiyo hewa wanayovuta watembea kwa miguu kandokando ya barabara.

Kuhusu kuokoa mafuta, madai yatazamwe kwa tahadhari. Rwanda ambako RURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na usafiri, hutangaza bei mpya za petroli kila baada ya miezi miwili, muuzaji anayeahidi kwamba plagi zake zitapunguza matumizi kwa theluthi moja atapata wasikilizaji. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kurekebisha gari ambalo ni dhahiri halijatunzwa vyema, au lililoshindwa mtihani wa moshi, huboresha matumizi ya mafuta kwa wastani wa asilimia 4. Gari ambalo plagi zake bado ni nzuri halitapata hata hizo.

Isitoshe, si kila kumisi ni plagi. Kompyuta ya gari huhifadhi namba ya hitilafu: P0301 humaanisha silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Fundi makini huhamisha koili ya silinda yenye hitilafu kwenda silinda nyingine, kisha husoma tena. Hitilafu ikiifuata koili, koili ndiyo mbovu, na mwenye gari ameepuka kununua plagi nne asizozihitaji.

Kununua na kufunga

Namba za plagi zina mtego. Kila plagi ina kiwango cha joto, yaani kasi yake ya kuliondoa joto katika ncha. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni "baridi" zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Namba 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Muuzaji anayelinganisha kwa kutazama tarakimu tu huweza kumpa mteja plagi inayochemka au inayojaa masizi, ingawa inaingia katika tundu lake bila shida.

Plagi bandia nazo zipo sokoni, na watengenezaji wakubwa wamekuwa wakionya kuzihusu kwa miaka mingi. Maandishi yanayofutika kwa kidole, ncha isiyokaa katikati, hati za skrubu zilizokwaruzika na bei iliyo chini mno ya ile ya maduka mengine ni dalili za kutosha za kumfanya mnunuzi aondoke. Kauri bandia ikipasuka ndani ya injini, vipande vyake huweza kukwaruza silinda. Nchini Rwanda, malalamiko kuhusu bidhaa za aina hiyo hupelekwa kwa RICA, taasisi inayohusika na ukaguzi na ulinzi wa walaji.

Injini iwe baridi kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa sehemu yake ya juu katika magari mengi ni ya alumini, na hati zake hung'oka kwa urahisi zikiwa na moto. Vumbi lipulizwe kwanza kutoka katika mashimo ya plagi; gari lililopita barabara za udongo za Masaka halikosi mchanga humo, na mchanga huo ukidondoka ndani hauna njia nzuri ya kutoka. Plagi mpya ianzwe kwa mkono hadi ikae, kisha ikazwe kwa spana: yenye washa mpya, takriban nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili, isiyo na washa, ambayo kitako chake kimechongoka, sehemu moja tu ya kumi na sita ya mzunguko. Iliyoanguka sakafuni isiwekwe kabla ya kukaguliwa, kwani mwanya wake huenda umejifunga na kauri imepata ufa usioonekana. Mwenye gari naye aombe apewe plagi za zamani. Ni mali yake, na ndizo ushahidi kwamba kazi ilifanyika.

Magari ambayo swali hili haliyahusu

Magari ya dizeli, yakiwemo mabasi madogo mengi, hayana plagi za cheche kabisa. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Plagi zilizomo katika baadhi yake ni za kupasha joto wakati wa kuwasha, na hubadilishwa zinapokufa. Pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali, ambazo tangu Januari 2025 zinatakiwa kuwa za umeme, hazina aina yoyote kati ya hizo.

Magari ya mseto, yanayotumia petroli pamoja na umeme, ndiyo yanayowapotosha wengi. Yameongezeka Kigali katika miaka ya karibuni, na baadhi ya wenye nayo huamini kwamba yanakaribia kuwa ya umeme kiasi cha kutohitaji huduma hiyo. Injini yao ni ya petroli, na ina plagi, kwa kawaida za iridiamu zenye kikomo cha kilomita 100,000 au zaidi. Ni kweli kwamba katika foleni ya Sonatubes injini hiyo huzimika, na plagi hupumzika wakati za gari la kawaida zinaendelea kuhesabu. Lakini zikifika wakati wake, kuzifikia ni kazi nyingine. Katika Toyota Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, fundi hulazimika kuondoa kwanza mikono ya waipa na kifuniko kilicho chini ya kioo cha mbele kabla hajaigusa koili ya kwanza, hivyo bei ya kazi iulizwe kabla boneti haijafunguliwa.